Ro wa Pili na Shamba la Midia

Asubuhi ile Silvester Adrabo alipita ofisini kwa chama cha ushirika cha tumbaku akiwa na nia ya kujaribu namba moja tu. Moja, kisha atoke mbio mpaka njia panda, ambako lori lingekuwa likimngoja pamoja na vijana wa kwao Ayivu, kila mmoja na jembe lake begani. Wapande, waende Koboko, washukie Midia, walilime shamba la mama mkwe wake kwa siku moja, wanywe, warudi. Siku hiyo ilikuwa imepangwa tangu mavuno.

Mashini ya kuhesabia ilikaa juu ya meza ya karani, nzito kama jiwe la kusagia, ina mkono wa kuzungusha ubavuni na safu za namba zinazojitokeza na kujificha kama meno. Adrabo akaketi. Akazungusha. Namba ikatoka, si mbaya, si nzuri. Akabadili kidogo, akazungusha tena. Mtu anayekuna upele husema hivyo hivyo: mara hii tu.

Karani mwenye meza, Tahiru, Mnubi mzaliwa wa Arua, alipoingia kufungua madirisha alimkuta hapo. Akaenda kunywa chai, akarudi, akamkuta hapo. Jua liliingia kwa dirisha la mashariki, likatoka, likaanza kuingia kwa lile la magharibi.

"Mwalimu," Tahiru akasema, "hii mashini si ya chama tena. Iko yako. Mimi nimebaki askari yake."

"Dakika moja, Tahiru."

"Hiyo dakika moja ulisema wakati mimi nilikuwa bado kijana." Karani akakuna shingo. "Lakini si uliniambia Jumamosi hii iko siku ya wakwe? Ya kulima?"

Mkono wa Adrabo ukasimama katikati ya mzunguko.

Lori lilikuwa limekwenda zamani. Vijana walikaa kando ya barabara mpaka njaa ikawarudisha nyumbani. Na kule Midia mama mkwe, Mama Keji, alikuwa ametengeneza kwete, pombe ya mahindi, mitungi kwa mitungi, akachinja kuku, akawaita majirani waje wamwone mkwe wake msomi wa Arua anavyolima. Majirani walikuja. Walikaa. Walitazama njia. Mwishowe waliinywa pombe ile kimya, kama wanavyokunywa watu matangani, na walipoondoka walisema asante kwa sauti ya chini. Asante hiyo ndiyo iliyomchoma mama yule kuliko matusi.

Kwa ukoo ule, shamba lililoahidiwa jembe la mkwe haliguswi na jembe jingine. Likabaki vilevile, majani yamesimama, katikati ya mashamba ya watu yaliyokwisha kupinduliwa yakawa mekundu. Kila aliyepita aliliona. Na mvua ya kupandia ulezi ikipita shamba likiwa hivyo, basi mahari hurudishwa, na ndoa imekwisha. Hakuna kesi, hakuna kelele.

Keji, mkewe Adrabo, naye hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akambeba mgongoni mtoto wao Alice, akasimama mlangoni.

"Mimi naenda kukaa karibu na ile majani," alisema. "Ukipata nafasi utatuona."

Alimwambia kwa Kiswahili, kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine kati yao. Yeye Mkakwa, mume Mlugbara, na lugha za wazazi wao hazikutani hata kwenye neno la maji. Kiswahili chao kilikuwa kile cha West Nile, cha kambini na sokoni, kisichojisumbua na ngeli. Walitongozana kwacho, wakagombana kwacho, na sasa waliachana kwacho.

*

Adrabo hakuwa mtu mbaya. Hilo kila mtu alilisema, na lilikuwa kweli, na halikumsaidia. Tangu utotoni miguu yake haikujua kutulia. Alipofundisha alizunguka darasani mpaka wanafunzi wa mbele wakaumwa shingo. Siku za mapumziko alipanda baiskeli akaenda mpaka Vurra, mpakani, akasimama kutazama malori ya Kongo yakikaguliwa, akarudi bila kununua kitu wala kuzungumza na mtu. Alisoma fizikia Kampala, na huko alipewa swali na mwalimu mgeni ambaye aliondoka nchini mwaka ule wageni walipokuwa wakiondoka kwa makundi. Mwalimu akaenda, swali likabaki. Adrabo akarudi Arua kufundisha sekondari, akiwa amelibeba kama mtu aliyetoka safarini na homa.

Jambo lenyewe aliweza kumweleza yeyote aliyekubali kusimama. Ndani ya kila kitu mna protoni na nyutroni, na kwa muda mrefu watu walizichora kama nukta. Si nukta. Ukiirushia protoni elektroni, elektroni inapinda, na namna inavyopinda inakuonyesha jinsi umeme wa protoni ulivyotandazwa. Ukiigusa kwa upole, inajibu kama nukta. Ukiigusa kwa ukali, jibu linanywea; ukizidisha ukali, linanywea zaidi. Mstari wa huko kunywea, kutoka mguso wa upole mpaka mguso mkali, ndio wenye kazi hiyo wanauita kigezo cha umbo. Ulaya na Marekani walikwisha kuupima. Kilichobaki ni kueleza kwa nini unashuka vile unavyoshuka.

Mwalimu wake alimfundisha jibu ambalo lilimpendeza mara moja, kama mtu anayekuta desturi ya kwao katika nchi ya ugenini. Nuru inayoubeba mguso kutoka kwenye elektroni haiingii kwa protoni hivihivi. Njiani inageuka, kwa muda usiostahili hata kuitwa muda, ikawa mesoni: ro, au omega, au fai. Mesoni hiyo ndiyo inayobisha hodi. Hakuna aliyewahi kuiona ikikaa kitako. Inajulikana kwa mlio tu: unapandisha nguvu polepole, na mahali fulani namba zinaruka, kama uzi wa adungu, kinubi cha kwao, unaotetemeka wenyewe jirani anapoimba sauti yake. Kila mesoni ina uzito wake, na ina nguvu ya neno lake mbele ya protoni. Ukizijua hizo, utauchora mstari.

Adrabo hakuhitaji kushawishiwa. Nani kwao aliwahi kwenda mwenyewe kuposa, au kuomba radhi, au kudai ng'ombe? Mtu hutuma watu.

Shida ilikuwa ro. Akiwa peke yake, ro aliushusha mstari kivivu. Vipimo vilianguka kama jiwe ukingoni. Ro aliteremka kama mzee anayeshuka kilima cha Arua kwa baiskeli, mguu kwenye breki. Basi Adrabo akamwongeza ro wa pili, mzito zaidi, ambaye wapimaji wengine walidai wameusikia mlio wake na wengine wakakana. Akampa neno dogo, akampa neno kubwa. Mstari ukazidi uvivu.

Omega na fai, walio wa ukoo mwingine, aliwaruhusu kupingana, huyu aongeze na yule apunguze, hilo halikumsumbua. Lakini ro wawili ni ndugu. Wametoka nyumba moja, wameenda mlango mmoja, watasemaje maneno mawili? Hakuiandika sheria hiyo popote. Hakujua hata kwamba ni sheria. Kila alipozungusha mashini, ilikuwa imekwisha kukaa kwenye mkono wake.

*

Keji alipoondoka, Adrabo alifanya kama inavyofanywa. Alimtuma kaka yake Amandu, mtu mwenye sauti nzuri na koti. Amandu alikwenda Midia na mbuzi, akakaa, akasema kwamba Silvester ni mtu mpole, hapigi mke, halewi, amesoma kuliko mtu yeyote wa upande ule wa mto, na wakubwa wa Kampala walimlilia alipoondoka. Alirudi na vumbi mpaka nyusi.

"Wamesema nini?"

"Wamenipa maji."

"Na neno?"

"Wamesema wamesikia."

Akamtuma Kasimiro, katekista, rafiki yake tangu shule ya misheni. Kasimiro alisema yote ya Amandu, akaongeza Maandiko. Baba yake Keji, Mzee Soka, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa sala, akamsindikiza mpaka barabarani.

"Hasira imepungua?" Adrabo aliuliza.

Kasimiro alifikiri kwa uaminifu. "Imepungua. Lakini kwa mwendo ule, ndugu yangu, mvua itaisha kwanza."

Wingu lilikuwa likijikusanya kila mchana upande wa Kongo. Ayivu watu walikwisha kupanda. Adrabo alilala kidogo, akala kusimama, akaenda ofisini kwa Tahiru hata siku ambazo hakuwa na ruhusa. Alipofika hakuzungusha. Aliushika tu mkono wa mashini, akauachia.

"Mwalimu, wewe unatembeatembea kama kuku anatafuta pahali ya kutaga," Tahiru alisema. "Kaa chini. Wakwe wamekataa?"

"Hawajakataa. Wamesikia."

"Ooo. Hiyo iko mubaya." Tahiru aliusukuma mlango ukafungwa. "Sikia. Mama yangu mimi aliolewa kutoka kule kule Midia. Wale watu hawataki kuambiwa wewe iko mutu muzuri. Wanajua. Kama hawakujua wangekupa mtoto? Kila mutu unatuma anawaambia wewe iko muzuri, maana yake wao ndio wabaya, wamekasirikia mutu muzuri bure. Sasa hasira itaenda wapi? Inakaa."

"Nitume nani basi?"

"Mutu wa damu yako. Mkubwa. Aende akutukane."

"Anitukane?"

"Mbele yao. Sawasawa, bila huruma. Mpaka wenyewe waseme basi."

Adrabo alicheka, kisha akaona karani hacheki. "Tahiru, kwetu mtu na ndugu yake hawasemi maneno mawili mbele ya wageni. Hiyo ni aibu kupita kukosa shamba."

"Basi kaa na heshima yako. Upike nayo."

Alikaa nayo siku chache. Kisha akasikia kwamba ndugu zake Keji wameonekana wakihesabu ng'ombe wa mahari zizini kwa Mzee Soka, wakiwatenga. Jioni hiyohiyo akapanda baiskeli kwenda kwa shangazi yake Candiru.

Candiru alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake, mama mnene, mjane, aliyelima muhogo wake mwenyewe na kuogopwa na machifu wawili. Alisikiliza huku akimenya. Adrabo alidhani atakataa kwa hasira. Shangazi akafuta kisu kwenye khanga.

"Nimengoja hii kazi tangu uzaliwe," alisema.

*

Shule zilikuwa zimefungwa. Walipanda lori la tumbaku, Candiru mbele na dereva, Adrabo nyuma juu ya magunia. Kwenye kizuizi cha barabarani askari kijana alimwuliza mama yule anakwenda Koboko kufanya nini.

"Kutukana huyu mutu iko juu ya gunia."

Askari akanyanyua macho, akamtazama Adrabo kwa muda. "Amefanya nini?"

"Ngoja nifike. Nikianza hapa yataisha njiani."

Askari akainua mti wa kizuizi, akiwa bado anamtazama Adrabo, na kwa mara ya kwanza tangu miaka hiyo ya askari ianze Adrabo alipita kizuizi bila kuulizwa kitambulisho.

Kutoka Koboko mjini walitembea. Kabla ya kuiona nyumba waliliona shamba, majani yake yamefika kiunoni, na pande zote ulezi wa watu umekwisha kuchomoza, kijani laini juu ya udongo mwekundu. Candiru alisimama akalitazama. Adrabo aliona kwamba hapo ndipo shangazi yake alipokasirika kweli; mpaka hapo alikuwa amekuja kwa starehe.

Mzee Soka aliwakaribisha kwa viti. Ndugu zake Keji walikaa kwenye mkeka, nyuso zimefungwa. Mama Keji alikaa ndani, nyuma ya ukuta wa matete, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawatazamani. Lakini kikohozi chake kilisikika, na kilikuwa cha mtu aliyesogeza kigoda karibu na ukuta. Keji alisimama kwenye mlango wa jiko, mtoto kiunoni. Hakumwamkia mumewe.

Candiru hakungoja maji.

"Baba Keji, mimi sikuja kuomba," alianza. "Kaka yake alikuja hapa kuwaambia huyu mutu iko mupole. Uongo! Si mupole. Iko mvivu, na uvivu haina kelele, ndiyo munaona upole. Mimi namujua tangu anakojolea mgongo yangu. Nikimutuma maji, anarudi na jiwe. Shangazi, ona, hii jiwe iko na chuma ndani! Maji iko wapi? Amesahau. Sufuria iko wapi? Nayo amesahau!"

Mmoja wa ndugu zake Keji alitazama chini.

"Baba yake alikufa, Mungu amulaze. Sisi tunalia. Huyu anazunguka kaburi. Nikasema, maskini, uchungu imemushika. Nikasikia anasema peke yake: wakichimba hivi, udongo utaanguka upande ule. Kaburi ya baba yake!"

"Uliangukia upande gani?" ndugu mwingine aliuliza kabla hajajizuia.

"Upande ule ule alisema! Sasa hiyo ndiyo inaniuma zaidi!"

Nyuma ya matete, mtu alikohoa kwa namna isiyokuwa kikohozi.

Adrabo alikaa ameinamisha kichwa, masikio yanawaka. Kila neno lilikuwa kweli. Hakuwahi kujua kwamba shangazi yake aliyaona yote hayo, na kuyatunza, miaka yote.

"Na hii shamba," Candiru akasema, na sauti yake ikabadilika. "Nimeiona. Nilikuwa nakuja kutukana kama mchezo. Nimeona hiyo majani, nimeona aibu yangu mimi, ya baba yake, ya wote wamelala Ayivu chini ya udongo. Mama wa watu amepika pombe. Watu wamekuja. Huyu alikuwa Arua anazungusha chuma! Kama mimi ndiye baba ya huyu binti, mbona ng'ombe bado iko kwa zizi? Ingekuwa imefika kwetu zamani! Mutu gani huyu? Munangoja nini?"

"Basi, mama," Mzee Soka alisema.

"Hapana, sijamaliza..."

"Basi, basi. Umesema." Mzee aliinua mkono. "Kijana si mubaya hivyo. Mimi nilipougua mwaka ule, nani alinipeleka hospitali kwa baiskeli, mpaka Arua, mimi nyuma? Si huyu? Amekosa. Lakini mutu hakosi?"

"Alisahau siku moja tu," akasema yule ndugu aliyekuwa akiwatenga ng'ombe. "Wengine wanasahau mwaka."

Adrabo akainua kichwa.

Amandu na Kasimiro walikuja kwa wema, na hasira ikashuka kidogo kidogo. Shangazi, wa damu ileile na mzito kuliko wote wawili, amekuja kwa upande wa pili, na hasira inaporomoka. Hawajumlishwi. Mmoja anamla mwenzake. Kwa mguso wa upole unaona tofauti yao, na tofauti hiyo ni sawasawa na jibu la nukta. Kadri mguso unavyokuwa mkali, wa pili anakula neno la wa kwanza mpaka karibu kitu kisibaki. Ro wa pili ana neno lake, neno kubwa, ila ni la kutoa, si la kujumlisha. Ndugu wa nyumba moja! Na mstari unaanguka. Aliuona ukianguka, palepale, juu ya mkeka wa Mzee Soka, kama jiwe ukingoni.

Mkono wake ulikwenda mfukoni mwa shati, ambako kulikuwa na penseli.

"Munaona?" Keji alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kusikika. Kila mtu akamgeukia, kisha wakageuka kufuata macho yake.

"Munaona mkono yake? Hata sasa. Hata hapa."

Penseli ilikuwa nje nusu. Candiru alifunga macho kama mtu aliyemwona mbuzi wake akiingia shambani kwa jirani mara tu baada ya kumsifia kamba.

Adrabo angeweza kusema alitaka kujikuna. Alifikiri hivyo, na uongo huo ulikuwa tayari mdomoni.

"Ni kweli," akasema. "Nimeona kitu."

"Kitu gani?"

"Shangazi."

"Shangazi umemuona leo?" Keji alisema. "Umekuja na yeye kwa lori."

"Nilikuwa nimemuweka upande mubaya. Kwa hesabu. Nilikuwa namujumlisha."

"Mimi?" Candiru akauliza. "Ananijumlisha na nini?"

Ndugu mmoja aliangua kicheko, akakimeza. Keji hakucheka. Alimshusha mtoto chini, akavuka uwanja, akasimama mbele ya mumewe akanyoosha mkono. Adrabo akampa penseli.

"Mbuzi mulileta. Maneno mulileta, matamu na machungu," alisema Keji. "Mimi sijaomba hiyo. Jembe iko nyuma ya nyumba. Shamba ya mama, wewe mwenyewe, hakuna vijana wa Ayivu. Na hiyo kitu umeona, utakaa nayo kwa kichwa. Usiandike hata kwa udongo. Ikipotea, imepotea. Mimi nataka kuona kama unaweza kushika kitu moja wakati nyingine inakuita."

*

Alilima. Mwanzoni alilima kama mtu anayefukuza mwizi, na kabla ya mchana mikono ikatoka malengelenge. Ndugu zake Keji walipita makusudi. Majirani walewale waliokunywa kwete kwa huzuni walikuja kukaa ukingoni na kutoa maoni.

"Mwalimu, majani inatoka na mizizi, si kunyoa!"

"Mwache. Anamfundisha jembe."

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa ndani. Kitu kile kilimwita kama mtoto anayelia chumba cha pili. Ni uzito gani ukizidishwa kwa neno gani utasawazishana na upi? Alianza kuhesabu kichwani, akapoteza, akaanza tena, na jembe likasimama lenyewe hewani. Akamwona Keji uwanjani, amesimama, anatazama. Akalishusha jembe. Ikawa hivyo siku nzima, na iliyofuata: kitu kinaita, jembe linasimama, jembe linashuka. Candiru, aliyekaa kusubiri mwisho wa mambo, alipelekewa chakula na Mama Keji kila saa, wakacheka pamoja nyuma ya matete kwa lugha ambazo hawakuelewana.

Hakujua wakati ule kwamba watu wa mbali walikwisha kuipita njia hiyo ya ro wawili, na walikuwa wakibishana mambo ya mbele zaidi: kama nuru nyingine haipenyi moja kwa moja, bila mjumbe yeyote, mpaka kwenye kiini cha protoni. Jarida lililochelewa lingemwambia hayo baadaye, na angelitupa, na angeliokota. Midia alijua tu kwamba alikuwa na kitu kimoja safi maishani mwake, na kwamba kila pigo la jembe lilikuwa likikilegeza.

Wingu la Kongo likaanza kusogea kila mchana karibu zaidi. Ilipobaki sehemu ya chini, yenye mawe, Adrabo aliinua uso akamwona Keji anaingia shambani kutoka upande wa pili na jembe lake mwenyewe. Alianza kulima kumwelekea. Alilima vizuri kuliko yeye, bila haraka, na hakusimama hata mara moja mpaka majembe yao yalipokaribia kugongana.

"Iko bado?" aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo kitu. Kwa kichwa."

Adrabo alitafuta. "Iko. Imekonda."

"Sema."

Akamwambia. Alimwambia kwa Kiswahili chao cha kambini, amesimama juu ya udongo mpya, mikono inavuja damu: nuru inayotuma watu, ro anayesema polepole, ro wa pili mzito anayemkata. Keji aliegemea mpini. Alisikiliza kama baba yake alivyosikiliza Maandiko, mpaka mwisho.

"Na huyu wa pili. Kuna mutu amemuona?"

"Wengine wanasema wamesikia mlio yake. Wengine wanasema hapana."

"Kwa hiyo wewe unamuweka pale kwa sababu bila yeye hesabu yako inaharibika."

"Ndiyo."

"Na akikosekana kabisa?"

"Basi nimekosa yote. Nitaanza upya."

Keji alipiga donge la udongo likapasuka. "Mimi nilikuwa nyumbani kwako hivyo hivyo," alisema. "Umeniweka pale. Hujaangalia kama niko."

Adrabo alitaka kutembea, miguu ilimwambia atembee, kwenda popote, mpaka Vurra, mpaka Kongo. Akabaki amesimama.

"Sasa naangalia," alisema.

"Sasa uko na malengelenge. Tutaona yakipona." Keji akatazama juu. Upepo ulikuwa umegeuka, na kule mbali mvua ilikuwa imesimama kama ukuta juu ya vilima vya mpakani. "Mimi nitarudi Arua. Lakini siku za mashini nitachagua mimi, si wewe. Na mwaka ujao vijana wa Ayivu nitawaita mimi."

"Sawa."

"Sema vizuri."

"Sawa, Mama Alice."

Mama Keji hangeweza kuja mbele ya mkwe wake. Ni Candiru aliyeteremka kutoka nyumbani, anatembea kwa uzito wake wote, na ungo wa mbegu za ulezi mikononi, akipiga kelele kwamba wenye mambo ya kuzungumza wazungumze huku wanapanda, kwani mvua haina mkwe. Keji alichota mbegu, akaanza kutembea na kutupa. Adrabo akamfuata nyuma, akifukia kwa jembe, na matone ya kwanza yakawakuta hawajafika katikati.